Maji, Malisho na Fedha za Watalii: Habari za Wamasai wa Amboseli

Chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kaskazini, iko nchi tambarare yenye vumbi jeupe, nayo huitwa Amboseli. Mvua yake ni haba, tena haitegemeki. Ziwa lake hukauka kwa sehemu kubwa ya mwaka, likabaki uwanda wa chumvi na mazigazi. Lakini maji ya mlima hupita chini ya miamba ya volkano, yakatokea mbali katika chemchemi zisizokauka, na chemchemi hizo ndizo zilizofanya vinamasi vya Enkongo Narok, Longinye, Namelok na Kimana. Asiyejua habari ya vinamasi hivyo hawezi kuielewa historia ya utalii wa Amboseli, maana ndovu wanaopigwa picha na wageni, na ng'ombe wanaowalisha wenyeji, wote hunywa mahali pamoja.

Wenyeji wenyewe ni Wamasai wa Kisongo. Desturi yao ya zamani ilikuwa kutawanyika na mifugo wakati wa mvua, hata mbali sana, ili kutumia maji ya madimbwi na majani mabichi ya nyikani. Na kiangazi kilipokaza walirudi kwenye vinamasi. Punda milia, nyumbu na ndovu nao walifuata mwendo ule ule. Mmasai hakuwa na desturi ya kula nyama ya porini ila katika shida kubwa, hata ikasemwa kwamba wanyama hao ni ng'ombe wa pili, yaani akiba ya siku ambayo ng'ombe wa kwanza wamekwisha kufa. Basi kabla ya kuja kwa mtalii yeyote, palikuwa na namna ya kuishi pamoja isiyoandikwa popote, na msingi wake ulikuwa haki ya kufika majini. Haki hiyo ndiyo iliyogombaniwa muda wote wa karne iliyofuata. Na ugomvi wa fedha, uliokuja baadaye, haukuwa ila tawi lake.

Utawala wa Kiingereza ulikwisha kuwahamisha Wamasai kwa mapatano ya 1904 na 1911, ukawakusanya upande wa kusini wa Kenya. Mwaka 1906 nchi hiyo hiyo ya kusini ilitangazwa pia kuwa hifadhi ya wanyama, na kwa miaka mingi matangazo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugongana sana, kwa sababu wawindaji walizuiwa lakini wachungaji hawakuguswa. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1948 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Amboseli, yenye eneo la kilomita za mraba 3,260, chini ya Wadhamini wa Mbuga za Taifa. Wamasai waliachiwa ruhusa ya kuishi na kuchunga humo, lakini ruhusa si haki, na kila ukame ulipokuja wakuu wa hifadhi waliwatazama ng'ombe kwa jicho baya zaidi. Wakati huo huo sifa za Amboseli zilienea ng'ambo. Faru wawili wa kike, walioitwa Gertie na Gladys, wenye pembe ndefu kupita kiasi, walikuwa wakijulikana kwa wasomaji wa magazeti ya picha katika nchi za mbali kuliko alivyojulikana kiongozi yeyote wa Kimasai. Leo hakuna faru hata mmoja katika Amboseli.

Mwaka 1961, ukoloni ukiwa ukingoni, Serikali ilifanya jambo geni: iliitoa Amboseli mikononi mwa Wadhamini ikaikabidhi kwa Halmashauri ya Wilaya ya Kajiado, na Mara vivyo hivyo ikakabidhiwa kwa Halmashauri ya Narok. Shabaha ilikuwa kwamba Wamasai wakipata mapato ya watalii wataona faida ya kuwatunza wanyama. Halmashauri ilikubali kwamba sehemu ndogo ya kuzunguka Ol Tukai isiingizwe ng'ombe, nayo ikapokea ada za kiingilio na kodi za hoteli.

Kwa kadiri ya fedha, mpango huo ulifaulu. Katika miaka ya 1960 Amboseli ilikuwa chanzo kikubwa kupita vyote cha mapato ya halmashauri. Lakini makao ya halmashauri yalikuwa Kajiado mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye vinamasi, na wilaya ilikuwa na watu wengi wasioona hata unyayo wa ndovu. Fedha zilijenga shule na zahanati na kulipa mishahara ya makarani, mambo mema yote; ila sehemu kubwa ya mambo hayo ilifanyika mbali na watu ambao ng'ombe wao walishindana na nyumbu kwa majani. Mzee wa Olgulului aliyeambiwa kwamba hifadhi sasa ni mali ya Wamasai angeweza kuuliza, bila ubishi wowote, ni Wamasai gani. Swali hilo halikupata jibu mwaka 1961, nalo lilirudi mara kwa mara.

Katika miaka hiyo hiyo wazo jingine lilikuwa likipikwa Nairobi. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya wawakilishi wa vikundi, iliyowezesha ardhi ya wafugaji kuandikishwa kwa jina la kikundi, kwa hati moja, chini ya kamati ya kuchaguliwa. Ndivyo zilivyozaliwa ranchi za vikundi za Olgulului, Imbirikani, Eselenkei, Kimana, Kuku na Rombo, zinazoizunguka Amboseli pande zote za Kenya. Serikali na wafadhili walitumaini kwamba kila kikundi kitapunguza mifugo na kuzalisha nyama ya kuuza. Wamasai walikuwa na sababu yao nyingine ya kukubali: walitaka karatasi ya kuwazuia wageni wasiichukue nchi. Mifugo haikupunguzwa; karatasi ilipatikana. Daftari la wanachama, hata hivyo, liliandikwa kwa majina ya wakuu wa miji, yaani wanaume. Wake hawakuandikwa, na vijana waliozaliwa baadaye walingoja kuandikishwa kwa hiari ya kamati. Kasoro hiyo haikuonekana kubwa wakati wa maziwa na nyama, ambapo mke alikuwa na kauli yake juu ya maziwa ya boma lake. Ilionekana ilipokuja fedha, kwa kuwa fedha ililipwa kwa aliye daftarini.

Mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba kiini cha Amboseli, pamoja na vinamasi vyake vikubwa, kitolewe mikononi mwa halmashauri. Mwaka 1974 kikatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa, yenye kilomita za mraba 392, yaani karibu sehemu moja kwa nane ya ile hifadhi ya zamani. Kwa hesabu ya ramani ilikuwa sehemu ndogo. Kwa hesabu ya maji ilikuwa karibu kila kitu. Katika miaka hiyo ya mashaka morani waliwachoma mikuki faru na wanyama wengine, si kwa njaa wala kwa pembe, bali kwa ghadhabu. Wageni wengi waliandika kwamba huo ni ushenzi au mchezo wa ujana. Walioijua nchi walisema vingine. Mtaalamu wa ekolojia David Western, aliyeanza utafiti wake Amboseli mwaka 1967, alieleza kwamba mikuki hiyo ilikuwa lugha ya siasa ya watu wasioitwa kwenye baraza.

Baada ya mazungumzo marefu yakafikiwa mapatano ya mwaka 1977. Mapatano hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, maana yalikuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki kukiri waziwazi kwamba mbuga haiwezi kuishi bila ardhi ya jirani zake. Wamasai walikubali kuhama vinamasini. Badala yake walijengewa bomba la kuchukua maji kutoka kwenye chemchemi hadi nje ya mpaka, pamoja na visima. Ranchi zikaahidiwa malipo ya kila mwaka kwa majani yaliyoliwa na wanyama wa mbuga walipotoka nje wakati wa mvua. Halmashauri ikabaki na kiwanja cha hekta 160 pale Ol Tukai, ili iendelee kupokea kodi za hoteli. Na ranchi zikaruhusiwa kuwa na viwanja vya kambi vya kuwakodisha watalii. Benki ya Dunia ilitoa mkopo. Mwaka huo huo wa 1977 ng'ombe waliondoka mbugani.

Haikupita miaka mingi mapatano yakaanza kuchakaa, na namna yalivyochakaa ni ya kufundisha kuliko namna yalivyoandikwa. Hakuna aliyeyatangua. Maji ya bomba yalisukumwa kwa pampu, na pampu ilitaka mafuta, vipuri na fundi, na vyote hivyo vilitegemea fungu la Serikali. Mafuta yalipochelewa maji yalikatika, na ng'ombe hawezi kungoja barua ijibiwe. Malipo ya majani nayo yalilipwa kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakakoma, fedha za idara zilipopungua na kupangwa upya. Basi wachungaji walirudi vinamasini, kwanza usiku, halafu mchana, na askari wa mbuga, ambao wengi wao waliifahamu haki ya jambo lile, waligeuza nyuso. Katika ukame wa 1984 kurudi huko kulikuwa kwa lazima kabisa.

Watu wa maofisini waliyahesabu hayo kuwa ni kushindwa kwa Wamasai kutimiza ahadi. Ukifuata mfuatano wa mambo, kauli hiyo haisimami: waliohama walihama mwaka 1977, na waliorudi walirudi baada ya mfereji kukauka na malipo kukoma. Ila kuna jambo la ndani zaidi. Wamasai walikuwa wametoa kitu kisichoweza kukatwa, yaani chemchemi, wakapokea vitu viwili vinavyoweza kukatwa na mtu mwingine, yaani pampu na hawala. Hata kama kila ofisa angalikuwa mwaminifu, biashara hiyo ilikuwa na upande mmoja wenye ufunguo na upande mmoja usio nao.

Mwezi wa Mei mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa kulipia. Ujangili ulikuwa umezidi, na sababu za marufuku hiyo zilikuwa na nguvu. Lakini ranchi zilizokuwa zikipata ada kutoka kwa wawindaji zilipoteza pato hilo kwa siku moja, na wanyama wakabaki palepale, wakila majani yaleyale.

Mwaka 1989 Idara ya Wanyamapori iliyokuwa imechoka iliondolewa, pakaundwa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, chini ya Richard Leakey. Shirika liliahidi kwamba robo ya mapato ya milangoni itarudishwa kwa majirani wa mbuga. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko mfuko, na kilichofika mashinani kilikuwa pungufu ya robo. Hata hivyo ranchi za Amboseli zilianza kuona shule zikiezekwa na watoto wakilipiwa karo kwa fedha zilizojulikana asili yake. Jambo hilo la mwisho si dogo. Shilingi iliyotoka Kajiado bila jina haikumtetea ndovu. Shilingi iliyosomwa hadharani mbele ya wanachama, kwamba imetoka mbugani, ilimtetea kidogo.

Western alimfuata Leakey katika uongozi wa Shirika mwaka 1994, naye akaendeleza wazo la hifadhi nje ya mbuga. Tunda lake la kwanza lilionekana mwaka 1996 huko Kimana, mashariki ya Amboseli, ambako wanachama wa ranchi walitenga sehemu ya ardhi yao, penye kinamasi na mikakaya ya manjano, wakaifanya hifadhi ya jamii. Walipata msaada wa Shirika na wa wafadhili wa Kimarekani kwa barabara, lango na mafunzo. Vijana wa Kimana walivaa sare wakawa askari wa wanyama katika nchi ya baba zao. Wengine wakakaa langoni na daftari la stakabadhi. Kwa mara ya kwanza mgeni aliyekuja kumtazama ndovu wa Amboseli alimlipa kiingilio mwenye ardhi mwenyewe.

Furaha ya Kimana haikudumu bila mawingu. Wageni waliokuja na magari ya makampuni walikwisha kulipia Amboseli, na wachache walikuwa tayari kulipa lango la pili. Kamati haikuwa na ujuzi wa kutafuta wateja Ulaya, wala mtaji wa kujenga hoteli. Basi baada ya miaka michache hifadhi ilikodishwa kwa kampuni ya hoteli, kwa mkataba wa miaka mingi. Kodi ilikuja kwa wakati na kwa kiasi kikubwa kuliko ada za langoni, lakini waliokuwa wamejifunza kuendesha walibaki kupokea. Wanachama nao walianza kuulizana kodi inakwenda wapi. Kamati za ranchi, pale Kimana na kwingineko, zilikuwa zikikaa madarakani miaka mingi bila mkutano wa mwaka, na hesabu hazikusomwa. Ikawa malalamiko yaliyotolewa zamani dhidi ya Kajiado sasa yanatolewa dhidi ya jirani wa boma la pili.

Jibu la wanachama lilikuwa kugawa ardhi. Shauri hilo halikutokana na utalii peke yake: kilimo cha nyanya na vitunguu kwa maji ya Kimana kilikuwa kimeshika kasi, wapangaji kutoka mbali walitaka mashamba, na kila mtu alitaka hati ya kuwekea rehani. Lakini kutoiamini kamati kulikuwa chachu. Ranchi ya Kimana ilikatwa vipande, kila mwanachama akapata chake, na ile hifadhi peke yake ikaachwa kuwa mali ya wote 844 kwa hisa. Wataalamu wengi wa wanyama waliona kugawanywa huko kuwa msiba, na kwa mtazamo wa njia za ndovu walikuwa na haki ya kuogopa, maana ua na shamba hukata mapito. Hata hivyo lazima isemwe kwamba mwanachama aliyekuwa hana njia ya kuiwajibisha kamati alitumia njia pekee aliyokuwa nayo, ambayo ni kuchukua fungu lake akaondoka mezani.

Jambo lisilotarajiwa ni lililofuata. Kuanzia mwaka 2008 baadhi ya wenye vipande vilivyopakana walikubaliana, kwa hiari, kutokujenga wala kulima, wakakodisha ardhi yao kwa pamoja ili wanyama wapite. Ndizo hifadhi ndogo za Osupuko, Kilitome, Nailepu na nyinginezo kati ya Amboseli na Kimana. Tofauti na zamani, kodi ililipwa kwa kila mwenye hati, kwa jina lake na kwenye akaunti yake. Kwa njia hii kugawanywa kwa ardhi, kulikohofiwa kuwa mwisho wa wanyama, katika sehemu hiyo kulizaa mkataba wa kwanza ambao mwanachama wa kawaida aliuona kwa macho yake na kuutia sahihi. Hifadhi ya Kimana yenyewe, ekari 5,700, ilifufuliwa mwaka 2018 kwa ukodishaji mpya uliosimamiwa na shirika la Big Life, na mwaka 2023 kambi mpya ya wageni ikafunguliwa humo. Wamiliki bado ni wale 844 na warithi wao.

Yafaa kutazama kidogo nje ya Amboseli. Kaskazini mwa Mlima Kenya, katika Laikipia, Wamasai wa Il Ngwesi walifungua hoteli yao mwaka 1996, mwaka ule ule wa Kimana, kwa msaada wa majirani wa Lewa. Walijenga kwa magogo na makuti ya kwao, wakabaki na umiliki na uendeshaji, na mwaka 2002 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Bahati yao ilikuwa kwamba hawakuwa na mbuga kubwa mlangoni pa kuwanyang'anya wageni, wala kinamasi cha kulima nyanya. Na kusini ya mpaka, upande wa Tanzania, ndovu wale wale wa Amboseli huingia katika vijiji vya Longido, ambako Jumuiya ya Enduimet ilipata mamlaka yake mwaka 2007. Huko ardhi ni ya kijiji kwa sheria ya 1999, na kwa hiyo haigawanyiki upesi. Lakini mapato ya utalii na uwindaji yamekuwa yakipitia hazina ya Serikali kabla ya mgawo kurudi vijijini, na wanaosubiri mgawo huko hulalamika kwa maneno ambayo Mmasai wa Olgulului wa mwaka 1982 angeyafahamu mara moja.

Kuhusu heri ya wenyeji, taarifa nyingi zimehesabu vitanda vya hoteli na idadi ya walioajiriwa. Hesabu hizo ni za kweli lakini hazitoshi. Kwa familia ya Kisongo, heri ni maziwa yasiyokatika wakati wa kiangazi, mtoto anayekwenda shule na kurudi bila kukutana na ndovu njiani, na uwezo wa kumwambia mgeni hapana. Hilo la mwisho halimo katika jedwali lolote. Mwezi wa Julai mwaka 2012, baada ya mvulana kuuawa na nyati, vijana walitoka kwa mamia na mikuki yao, wakaua ndovu, nyati na simba kando ya Amboseli. Wakati huo miradi ilikuwa mingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Lakini fidia ya uhai wa mtu ilikuwa ndogo na ya kuchelewa, na vijana walilalamika kwamba faida za mbuga haziwafikii. Baada ya miaka arobaini mkuki ulikuwa ungali na kazi ile ile ya barua.

Tofauti na hayo ni mpango wa fidia ulioanza Imbirikani mwaka 2003. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba hulipwa sehemu ya thamani yake. Lakini simba akiuawa katika eneo, watu wa eneo hilo hukosa malipo kwa muda na waliohusika hutozwa faini. Kwa hiyo anayemzuia morani si askari wa Serikali bali ni jirani na shangazi wa morani mwenyewe. Mpango huo umepunguza mauaji ya simba sana, ingawa fedha zake hutoka kwa wafadhili na kwa hoteli, na mfadhili, kama pampu, huweza kusimama.

Na wanawake? Kwao utalii uliingia kwa mlango wa nyuma. Karibu na milango ya Amboseli palijengwa maboma ya kuonyesha wageni, ambamo watalii hulipa kiingilio, hutazama ngoma na nyumba za samadi, kisha huuziwa shanga. Kiingilio hugawanywa na wanaume, na sehemu yake kubwa mara nyingi imebaki kwa dereva aliyewaleta wageni, kwa kuwa dereva ndiye anayechagua boma la kusimama. Lakini fedha ya shanga ni ya mwanamke aliyezitunga. Ndogo kama ilivyo, imelipa unga, dawa na karo katika miji ambayo jina la mama halikuwamo daftarini. Katika habari ndefu ya mikataba na mamlaka ya Amboseli, hilo ndilo pato pekee ambalo tangu mwanzo lilipita kutoka mkono wa mgeni hadi mkono wa mwenyeji bila kamati katikati. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyofuta ile ya 1968, imewatambua wanawake kuwa wanajamii sawa na wanaume. Ila ilikuja wakati ranchi nyingi zilikuwa tayari zikigawanywa kwa madaftari ya zamani.

Mwezi wa Septemba mwaka 2005, wiki chache kabla ya kura ya maoni juu ya katiba, Rais Mwai Kibaki alitangaza kwamba Amboseli inarudishwa kwa halmashauri ya Olkejuado. Watetezi wa wanyama walikwenda mahakamani, na tangazo likaja kutanguliwa. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwafungia watalii makwao, magari yakasimama, na wenye hifadhi waliotegemea kodi walijikuta tena wakiangalia mawingu na mbuzi, kama babu zao. Kisha shauri la kuirudisha Amboseli likafufuliwa, na Rais William Ruto akaahidi kuikabidhi kwa Kaunti ya Kajiado. Wazee wa Kisongo walioulizwa habari hiyo wanayo sababu ya kutaka kuona kwanza kifungu cha mgawo, kitakachoeleza ni kiasi gani kitakachobaki Kajiado mjini na ni kiasi gani kitakachofika Olgulului, tena kitalipwa kwa jina la nani. Maji ya Enkongo Narok yangali yanatoka chini ya mwamba, na katika kiangazi kikali ng'ombe wangali wanayafuata.